UZI: Bei ya ng'ombe hai mpakani, anzeni hesabu kwa mnunuzi sio zizini

Mchuuzi_Busia:

Habari zenu wafugaji na wachuuzi wote. Wiki hii watu watano wameniuliza swali moja, "dume la kilo 300 Kenya linaenda ngapi", na kila nikijibu naona mtu anachukua ile bei anaizidisha kwa shilingi ya Uganda, anaona faida imejaa, kesho yake yuko Soroti huku Uganda, soko la Arapai, na pesa ya kuuza kiwanja. Nimeona niandike hapa mara moja, kirefu, mtu asome polepole. Hii kazi ya kununua ng'ombe Uganda na kuwauza Kenya kupitia mpaka wa Busia nimeifanya miaka 11 na pesa iliyonipotea kwa kutojua hesabu naijua mpaka shilingi ya mwisho.

Bei ya mpakani haianzii zizini. Inaanzia kwa yule mtu wa upande wa pili anayejua nyama ataiuza kilo ngapi na kwa bei gani. Ukitoka kwake unarudi nyuma, unatoa gari, unatoa karatasi, unatoa kilo zilizopotea njiani, unatoa faida yako, na kinachobaki ndio bei ya kumpa mama mwenye dume kule Amuria. Wengi wetu tunaanza na bei ya sokoni alafu tunaomba Mungu huko mbele iwe juu.

Niwape mfano wa dume moja ambalo sitalisahau. Jekundu, sikio la kushoto lina mkato kama meno ya msumeno, pembe fupi. Jumamosi pale Arapai dalali akalipiga mgongoni akasema "hii mia tatu, haipungui", na mimi nikaangalia mapaja nikaona kweli mia tatu. Nikalipa shilingi ya Uganda 1,800,000. Likapanda Fuso na wenzake 15, tukapita Kumi, Mbale, Tororo, tukafika Busia jua linazama, wakalala upande wetu maana usiku ng'ombe hawaruhusiwi kusafirishwa. Kesho yake taratibu za mpakani hadi saa nane mchana. Kufika kwa mnunuzi, yeye ana mizani, ile ya chuma yenye geti mbele na nyuma na namba nyekundu juu. Dume likaingia, likawa linacheza miguu, namba zinaruka 281, 262, 274, watu wote kimya. Likatulia. 268. Yule jamaa hakusema kitu, akachukua biro akaandika 268 kwenye kiganja chake.

Bei tuliyokubaliana ilikuwa shilingi ya Kenya 250 kwa kilo ya uzito hai, na siku hiyo wabadilisha pesa wa Busia walikuwa wanatoa 28 za Uganda kwa moja ya Kenya. Kwa hiyo kilo moja ni 7,000 ya kwetu. Zidisha kwa 268, unapata 1,876,000. Gharama zangu kwa kila ng'ombe, yani gari, ushuru wa soko, kibali, wapakiaji, nyasi na maji, wakala wa mpakani, zilifika 110,000. Toa hapo inabaki 1,766,000. Nilinunua 1,800,000. Nimemlisha, nimelala naye mpakani, nimepoteza 34,000. Na kama kweli lingekuwa limefika na 300 ningepata faida 190,000. Tofauti yote iko kwenye kilo 32 ambazo mimi na dalali tulizipima kwa macho.

Sasa ukweli ni kwamba lile dume halikuwa 300 hata Arapai. Lilikuwa kama 285 hivi, njiani likapoteza kilo 17 kwa kiu, kukojoa na hofu. Ng'ombe akisafiri siku moja na nusu hivi anaweza kupoteza asilimia 5, wengine mpaka 10 kama jua ni kali na hakupewa maji. Hiyo kilo hakuna anayekulipa. Kwa hiyo dume lile ukirudi nyuma vizuri, 268 mara 7,000, toa 110,000, toa 80,000 faida yangu, halikustahili kununuliwa zaidi ya 1,686,000. Hapo ndio bei yake ilikuwa.

Mwenye swali aulize. Mwenye uzoefu wa mipaka mingine, Elegu au Mutukula, aongeze, mimi najua Busia tu.


Mfugaji_Amuria:

Mzee nakuheshimu ila hapa mwisho umeniumiza. Yani hesabu yote hiyo imeishia kwa mimi mwenye dume kupunguziwa 114,000? Mmenunua kwa macho miaka yote na mara nyingi macho yenu yanaona pungufu, sio zaidi. Mimi hilo dume nimelichunga miaka minne. Nimelipa dawa ya kupe, nimelichanja, kaka yangu mdogo amekimbia nalo usiku wakati wezi walikuja. Mkifika mnasema "hii mia mbili hamsini" na mimi nina ada ya shule Februari, nitabishana na nani?


Mchuuzi_Busia:

@Mfugaji_Amuria uko sahihi kabisa ndugu yangu wala sikukatalii. Nimetoa mfano wa siku niliyopoteza mimi kwa sababu ndio naukumbuka uchungu wake, lakini ziko siku nyingi zaidi ambazo dume la 340 limenunuliwa kwa bei ya 300 na aliyepoteza ni mfugaji, na yeye hakujua hata kama amepoteza. Mimi najua nimepoteza kwa sababu upande wa pili kuna mizani. Wewe kwako hakuna. Ndio maana naandika huu uzi, nataka kilo ziandikwe kuanzia zizini, hapo tutagombania shilingi kwa kilo, hatutagombania macho ya nani makali.

Na hiyo ya Februari umesema kweli. Mwezi wa pili, wa tano na wa tisa, shule zikifunguliwa, soko linajaa mitamba na madume ya ada na bei inashuka. Mwisho wa mwaka na karibu na Idi inapanda. Mwenye nafasi auze Desemba pesa ikae kwenye simu inasubiri shule.


Hajji_Bucha:

Assalam aleikum. Mimi niko Kampala, nachinja machinjio ya Old Port Bell Road, nataka kuongeza upande wa nyama maana wengi wanadhani kilo ya ng'ombe hai na kilo ya nyama ni kitu kimoja.

Dume la kienyeji likichinjwa nusu yake tu ndio nyama ya kutundika, asilimia 48, 50 hivi. Lililochanganywa na Boran, ile mbegu ya ng'ombe wa nyama, na likalishwa vizuri linaweza kufika 52 hadi 54. Ankole mwenye pembe kubwa anadanganya macho, pembe na kichwa vina uzito ambao hauendi kwenye ndoano. Kwa hiyo la kilo 268 linanipa mimi kilo 134 za nyama na mifupa. Matumbo, kichwa na miguu vinalipa gharama ya kuchinja na vijana. Ngozi zamani ilikuwa inatusaidia sana, siku hizi haina bei kabisa.

Kwa hiyo mtu akitaka kujua kama mnunuzi wa Kenya anamdanganya, achukue bei ya jumla ya nyama ya kutundika kule, agawe kwa mbili, hapo ndio karibu na bei ya kilo ya uzito hai. Ikiwa ameambiwa chini sana ya hapo ajue kuna mtu katikati. Na msisahau Kampala iko. Kuna wiki Kampala inalipa kushinda mpakani na mtu bado anavuka kwa sababu amezoea kuvuka.


Mchuuzi_Busia:

@Hajji_Bucha walaikum salaam, asante sana Hajji. Hilo la mwisho nalirudia kwa herufi kubwa: PIGA SIMU KAMPALA KABLA HUJAPAKIA. Mara mbili mwaka huu Fuso langu limegeuka pale Mbale likaenda Kampala badala ya Busia na nilishukuru.


Kijana_Mbale:

Bosi mimi nataka kuanza. Nina milioni 6. Bei ya 28 kwa moja umesema, hiyo inabadilika au iko hivo tu?


Mchuuzi_Busia:

@Kijana_Mbale inabadilika na ndio iliyoua watu wengi kuliko ugonjwa. Kumbuka mwishoni mwa 2023 na Januari 2024, shilingi ya Kenya ilianguka mpaka kama 160 kwa dola moja. Ya kwetu ilikuwa karibu 3,800 kwa dola, haikuyumba sana. Gawa hapo utaona moja ya Kenya ilikuwa inakupa kama 24 za kwetu badala ya 28. Sasa chukua dume lililofika kilo 300 kamili kwa bei ileile ya 250 ya Kenya, zidisha kwa 24, unapata 1,800,000. Umelinunua 1,800,000, na ile 110,000 ya njiani yote imekwenda. Mnunuzi hajakupunja hata senti, analipa bei yake ileile ya kila siku, ila pesa yake imekuwa nyepesi. Jamaa zangu wengi pale Busia waliendelea kupeleka mwezi mzima wakisema "bei haijabadilika", wakati bei yao ilikuwa imebadilika kila siku kwa wabadilisha pesa. Alafu Februari 2024 shilingi ya Kenya ikapanda ghafla, ikaja mpaka 130 hivi kwa dola, waliokuwa wameacha wakakosa wiki nzuri sana.

Kwa hiyo asubuhi kabla ya kwenda Arapai mimi nauliza vitu viwili tu, kilo ngapi na ngapi kwa moja. Na nikiuza, nabadilisha siku hiyohiyo. Silali na pesa ya nchi nyingine.

Milioni 6 ni madume matatu na akiba kidogo. Anza na matatu, changia gari na wenzako.


Elegu_Juba:

Hapo kwa pesa ya nchi nyingine naomba niseme kidogo maana mimi nilisoma hilo somo kwa bei kubwa. Napeleka madume Juba kupitia Elegu na Nimule tangu ile barabara ya lami iishe 2012, kilomita 192 kutoka Nimule mpaka Juba. Watu wanashangaa, Sudan Kusini kuna ng'ombe wengi kuliko nyasi, kwa nini wanunue wetu? Kwa sababu kule ng'ombe ni mahari, ni heshima ya ukoo, ni fidia ya damu, mtu hauzi dume lake kwa ajili ya mchuzi wa watu wa mjini. Na hata akitaka kuuza, njia kutoka kwenye malisho mpaka Juba ina bunduki. Kwa hiyo Juba inakula nyama ya Uganda.

Desemba 2015 serikali yao iliiachia pauni yao ipangiwe bei na soko, ikatoka 2.96 kwa dola kwenye karatasi mpaka 18.5 kwa siku moja. Sisi wa sokoni tulikuwa tunatumia bei ya mtaani tayari, hiyo siku haikutuua. Kilichoniua mimi ni miezi iliyofuata. Februari 2016 nilitoa madume 12 kwa mkopo, tukaandika deni kwa pauni, mteja namwamini, tumekula naye sahani moja. Alinilipa Juni, yote, kwa pauni, bila kupunguza hata moja. Nilipobadilisha Elegu nikapata pesa ya madume saba. Yeye hakuniibia. Mimi ndiye niliyekubali kuandika deni kwa pesa inayoyeyuka.

Mwezi uliofuata vita vikalipuka Juba, Julai 2016, jeshi letu likaja na msafara wa kutoa Waganda, ile operesheni waliyoiita Okoa Wanavijiji. Nilitoka na begi moja. Tangu hapo bei yangu ya Juba ni dola, na dola taslimu, na gharama ya hatari ya kule naweka juu ya bei kama vile naweka mafuta ya gari. Bei ya Juba ukiisikia ni nzuri kuliko ya Busia, lakini ile nyongeza sio faida, ni malipo ya hatari. Mtu akija hapa akakwambia Juba faida ni mara mbili, muulize amevuka vizuizi vingapi na mara ngapi amerudi bila kitu.


Mchuuzi_Busia:

@Elegu_Juba pole sana kaka. Hiyo ya madume 12 kurudi saba naomba kila kijana aisome mara mbili.


Dokta_Mifugo:

Mimi ni daktari wa mifugo, naomba nizungumzie karatasi na karantini kwa sababu naona bei imezungumzwa kama vile ni pesa na kilo tu.

Kuvuka kihalali kunaanzia kwa mnunuzi. Yeye ndiye anayeomba kibali cha kuingiza kwa idara ya mifugo ya nchi yake, kwa Kenya ni Kabete. Kile kibali kinakuja na masharti: chanjo gani, vipimo gani, siku ngapi za kutengwa. Wewe unakipeleka kwetu, wizara ya kilimo na mifugo Entebbe, ndio unapewa cheti cha afya kinachojibu yale masharti. Kutoka wilayani mpaka mpakani unatembea na kibali cha daktari wa mifugo wa wilaya, kina idadi, rangi, jinsia na njia. Watu wanafanya kinyume, wananunua kwanza, wanapakia, alafu wananipigia simu saa kumi jioni. Ng'ombe wanne siku sita mpakani wanasubiri karatasi wamekula faida yote na wamekonda.

Ng'ombe waliozaliwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hawalipi ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha asili. Wachuuzi wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000 wana utaratibu wao rahisi, ila ule ni wa ushuru, karatasi zangu ziko palepale hata kwa ng'ombe mmoja. Na kwa wanaofikiria kupita porini, kumbukeni 2017 Tanzania ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho, wakapigwa mnada wote. Wenyewe walirudi na fimbo.

Karantini sasa. Ugonjwa wa miguu na midomo ukitokea wilaya moja, soko linafungwa, hakuna kuingiza wala kutoa. Ndani ya wilaya ile bei inaanguka kwa sababu mfugaji hana pa kuuza, na nje ya wilaya bei inapanda kwa sababu nyama imepungua. Ng'ombe yuleyule ana bei mbili na kati yao kuna kizuizi tu. 2023 na 2024 tumeyaona haya kuanzia Ankole mpaka Nakasongola. Na huo mwanya wa bei ndio unawavuta watu kusafirisha kwa siri usiku, ugonjwa unafika wilaya ya pili, nayo inafungwa. Mimi nimeona kijiji ambacho kila ng'ombe anadondosha mate kama uzi, ulimi umechubuka, ndama hawezi kunyonya kwa sababu mama anapiga teke chuchu zina vidonda. Chanzo kilikuwa gari moja la maksai wanane.

Chanjo ipo ila jueni kirusi kina aina kadhaa, hapa kwetu O, A na zile SAT, chanjo ya aina moja haizuii nyingine, na kinga inadumu kama miezi sita. Kuchanja mara moja na kuweka karatasi ukutani hakusaidii.


Mama_Boran:

Jamani mnauza tu, kuna sisi tunaoingiza pia. Niko Nakasongola. Miaka miwili iliyopita nilitoa dume la Boran Laikipia kule Kenya, changa, miezi 20, zuri mpaka majirani wanakuja kuliangalia jioni. Pesa ya kulinunua ilikuwa ng'ombe wangu wanane wa kienyeji. Nilihesabu bei, gari, kibali, vipimo vya ugonjwa wa kutupa mimba, kila kitu niliandika. Sikuandika kupe.

Lilikotoka wanaogesha kila wiki, lilikuwa halijawahi kukutana na ndigana kali, ule ugonjwa unaoletwa na kupe. Wiki ya tatu nikaona matezi chini ya sikio yamevimba kama yai, siku ya pili halili, siku ya nne linapumua kwa nguvu na povu jeupe puani. Lilikufa alfajiri mbele yangu na daktari akiwa njiani. Mbegu ya Boran niliyotaka ikabaki tumboni mwa mitamba watatu tu.

Mara ya pili nilifanya hivi: nikamlipa muuzaji alichanje kulekule na ile chanjo ya ndigana, ile iliyotengenezwa Muguga huko Kenya, alafu likae kwake mwezi mzima ndio lisafiri. Bei ikapanda, na bado ilikuwa rahisi kuliko kuzika dume lingine. Kwa hiyo anayeingiza mnyama wa mbegu asihesabu bei ya kununua, ahesabu bei ya mnyama aliye hai siku ya 60 shambani kwake. Na mwenye pesa ndogo aanze na mirija ya mbegu ya kupandikiza, kituo cha taifa cha mbegu Entebbe wanazo, mrija hauugui ndigana.


Mchuuzi_Busia:

@Mama_Boran pole sana mama. "Sikuandika kupe", hiyo imeniingia.


Msomaji_Entebbe:

Nafuatilia biashara ya ng'ombe hai duniani kwa kazi yangu, na huu uzi unanikumbusha kwamba wakubwa wanaumia palepale tunapoumia sisi. Australia inapeleka ng'ombe hai Indonesia kwa meli kutoka Darwin, bei yao ni kwa kilo ya uzito hai na kila mtu anaiona. Juni 2011 serikali yao ikasimamisha kwa mwezi hivi baada ya televisheni kuonyesha ng'ombe wanavyoteswa kwenye machinjio ya Indonesia. Kipindi hicho Indonesia ilikuwa haipokei ng'ombe aliyezidi kilo 350. Sasa fikiria mfugaji wa kaskazini kule ana ng'ombe wa kilo 340 yuko tayari kwa meli, meli imezuiliwa, ng'ombe anaendelea kula, anapita 350, soko lake limeisha. Kesi ilienda mpaka 2020 ndio mahakama ikasema lile zuio halikuwa halali.

Na Marekani na Mexico, 2024 na 2025, ni mfano wa karantini ya Dokta kwa ukubwa wa nchi. Mexico ilikuwa inapeleka ng'ombe zaidi ya milioni moja kwa mwaka kwenda kunenepeshwa Marekani. Novemba 2024 Marekani ikafunga mpaka kwa sababu ya wale funza wanaokula nyama ya mnyama akiwa hai, ikafungua Februari 2025, Mei ikafunga tena. Na mwanzo wa 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, wachache zaidi tangu 1951. Bei upande wa Marekani ikapaa, mfugaji wa Mexico akabaki na ndama zake.


Kijana_Mbale:

Sawa nimeelewa mengi, asanteni wazee wangu. Swali langu la mwisho: mizani ni ghali, sisi wa kijijini tutapimaje?


Dokta_Mifugo:

@Kijana_Mbale utepe wa fundi cherehani unatosha kuanzia. Msimamishe mnyama sawasawa, kichwa mbele. Zungusha utepe kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, usikaze sana. Huo ni mzunguko. Alafu pima urefu kutoka ncha ya bega mpaka ule mfupa wa tako unaotokeza karibu na mkia. Zote kwa sentimita. Mzunguko zidisha kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawa kwa 10,840. Jibu ni kilo.

Mfano kifua 155 na urefu 129: 155 mara 155 ni 24,025, mara 129 ni 3,099,225, gawa kwa 10,840 unapata 286. Inaweza kukosea asilimia 5 mpaka 10, hasa tumbo likiwa limejaa maji, ila macho ya dalali yanakosea zaidi ya hapo. Pima asubuhi kabla hajanywa.


Mfugaji_Amuria:

Wakuu narudi. Jana niliazima utepe kwa mke wa jirani, anashona. Asubuhi leo nimepima dume langu jeusi na kijana wangu ameshika kamba. Mzunguko 168, urefu 134. Tumepiga hesabu mara tatu kwa simu. Inakuja 349.

Wiki mbili zilizopita mchuuzi alikuja zizini akasema "hii mia tatu" akaniwekea 1,750,000 mkononi. Nilikuwa karibu nikubali, mama watoto ndiye aliyenizuia.

@Mchuuzi_Busia wewe kwa hesabu yako ya kurudi nyuma ungenipa ngapi?


Mchuuzi_Busia:

@Mfugaji_Amuria tuhesabu hapahapa mbele ya watu. 349, njiani napoteza asilimia 6, linafika 328. Leo asubuhi Busia ni 28 na mnunuzi wangu bado yuko 250, kwa hiyo 7,000 kwa kilo. 328 mara 7,000 ni 2,296,000. Toa 110,000 za njiani, toa 80,000 zangu. 2,106,000.

Nitakupa 2,100,000 kama Jumamosi tutalipima tena pamoja pale Arapai na likawa hivyo. Likizidi naongeza kwa kilo, likipungua tunapunguza kwa kilo.


Mfugaji_Amuria:

Karantini haipo kwetu, kibali nitakiomba kesho Alhamisi kwa dokta wa wilaya. Jirani zangu wawili nao wanataka kupimiwa, wana madume manne. Una nafasi kwenye gari?


Mchuuzi_Busia:

Nafasi ipo ya matano. Wapime leo jioni, waandike namba kwenye karatasi moja, rangi na mikato ya masikio, unitumie picha. Na jeusi lako lipe maji vizuri Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nyasi kidogo tu. Nitakuwa upande wa mashariki wa soko, Fuso la bluu, nikiwa na utepe wangu mwenyewe, na wewe njoo na wa jirani yako.